Robo Hapa, Nusu Pale

Katika jiko la Mama Lempi Kangas, chini ya droo ya vijiko, kulikuwa na droo nyingine iliyoitwa droo ya Duane. Haikupewa jina hilo kwa heshima. Humo ndimo Arlys, binti yake mkubwa aliyeishi naye, alimotupia kila kitu cha plastiki alicholetewa na mdogo wake Duane: kishikio cha simu ambacho simu haikuingia, kibanio cha mfuko wa mkate chenye nguvu ya kung'oa kucha, kopo la chumvi na kifuniko chake ambavyo havikuwahi kuelewana, na kidude kimoja cha rangi ya chungwa ambacho hata Duane mwenyewe, alipoulizwa ni cha nini, alikigeuzageuza kwanza. Droo ilijaa mpaka ikawa haifungiki vizuri. Arlys aliiacha hivyo hivyo makusudi, ili kila mgeni aione na aulize.

Duane alikuwa na miaka hamsini na moja, karani wa bima kule Green Bay, mwendo wa saa tatu kwa gari. Katika umri wake wote hakuwahi kupigilia msumari ukaingia ukiwa umenyooka. Kisha akakutana na programu ya kuchorea vitu kwenye kompyuta, akanunua na ile mashine inayoyeyusha plastiki na kuimwaga tabaka juu ya tabaka mpaka litoke umbo, na kuanzia hapo akawa fundi. Mhandisi wa sebuleni, ndivyo Arlys alivyomwita, na wakati mwingine alimwita hivyo mbele ya watu.

Alijifunza mwenyewe, kila jioni baada ya kazi, kwa kutazama video za kijana fulani mwenye ndevu aliyesema kila kitu ni rahisi. Miezi ya kwanza alichora sanduku na kifuniko kwa vipimo vile vile, akashangaa kwa nini haviingiliani. Mtu mzima mwenye mvi masikioni akalazimika kufundishwa na video kwamba kinachoingia lazima kiwe kidogo kuliko kinachoingiwa. Alipolijua hilo alimpigia dada yake simu kumweleza, kana kwamba amelivumbua yeye.

Krismasi iliyopita aliifungua kompyuta mezani, katikati ya bakuli la viazi na mkate mtamu wa iliki, akaanza kuwasomesha. Mstari wa buluu, alisema, ni ule ambao bado hujaupa kipimo, ukiugusa unakukimbia. Ukishaupa kipimo unakuwa mweusi, na hapo hata uuvute vipi hauendi popote. Vipimo vyenyewe vinakaa kwenye jedwali moja, na ukibadilisha namba moja tu, vipande vyote vinajirekebisha vyenyewe kuifuata. Kisha, ili waone utamu wa jambo hilo, akavuta kona ya kijisanduku alichokichora, na kijisanduku kizima kikajikunja kikawa kama soksi iliyovuliwa. Kulikuwa na mstari mmoja wa buluu aliousahau. Arlys alicheka mpaka akashika meza. Mama naye alicheka, na Mama si mtu wa kucheka ovyo.

"Baba hakuwa na jedwali," Arlys alisema alipopata pumzi.

Na hapo ndipo palipokuwa na kiini cha dharau yote. Baba yao, marehemu Eino, alikuwa seremala wa mgodini, na sifa yake mji mzima ilikuwa jicho. Eino hakupima, alitazama. Alifumba jicho moja, akasema futi saba kasoro kidogo, akakata. Nyumba hii aliijenga yeye, pamoja na baraza, na ngazi, na ile sauna ya chini, chumba cha kuogea mvuke, ambayo mlango wake, tangu watoto wapate akili, ulifungwa kwa kupigwa teke, kwa sababu, Eino alieleza, mbao hunywa mvuke zikavimba. Arlys alirithi tepu yake ya chuma na, kwa maneno yake mwenyewe, jicho lake. Mwaka wa ishirini na mbili sasa alikuwa akiendesha gari la wilaya la kusukuma theluji, na hajawahi kuangusha hata sanduku moja la barua. Mtu wa namna hiyo aone nini cha maana kwenye kopo la chumvi lisilofungika?

Mwezi wa tisa Mama aliteleza kwenye ngazi za mbele akavunjika nyonga. Alikaa wiki saba kwenye kituo cha mazoezi ya viungo, na tangu mwanzoni walisema atatoka na kiti cha magurudumu na kwa sharti moja. Nyumbani pawe na rampu, njia ya mbao ya kupandisha kiti mpaka mlangoni, na isiwe mwinuko wa kumwangusha mtu: kwa kila inchi moja ya kupanda, inchi kumi na mbili za urefu. Mtaalamu wa viungo angekuja kuikagua Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba, saa tano asubuhi. Ikiwapo na ikiwa sawa, Mama anarudi nyumbani mchana huo. La sivyo kuna kitanda kinamngoja kwenye nyumba ya wazee, mji wa mbali, na kitanda kitashikiliwa mpaka saa sita ya siku hiyo hiyo, basi. Mama alikuwa amekwisha kusema, bila kupandisha sauti, kwamba akiingizwa huko hatoki ila kwenye jeneza.

Mafundi hawakupatikana. Tarehe kumi na tano msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa, na kila mwanamume anayejua kushika nyundo alikuwa anapasha moto jiko la kibanda chake msituni, tayari kwa kulungu. Yule aliyewaezekea paa alimwambia Arlys atafika Desemba, kwa sauti ya kumshangaa mtu asiyejua kalenda. Arlys angejenga mwenyewe, na alilisema hilo kila siku, lakini theluji iliwahi mwaka huo na zamu zake zilikuwa za saa kumi na mbili. Kwa hiyo alibaki Duane. Alipopiga simu kusema ataichora, ataikatia kwake gereji na kuileta ikiwa vipande vya kuunganisha tu, Arlys aliitazama ile droo.

"Ya plastiki?" akauliza.

"Ya mbao, dada."

"Mbao unaijua? Ni ile inayotoka kwenye mti."

Duane alicheka kidogo, kama alivyozoea, akaendelea. Ombi lake lilikuwa moja. Arlys avute uzi kutoka kwenye kizingiti cha mlango mpaka ukingo wa saruji ya mahali pa kuegeshea magari, auweke sawa kwa pima maji, kisha apime kutoka kwenye uzi kwenda chini sehemu tatu: mlangoni, katikati ya uwanja, na mwisho. Ardhi hudanganya, alisema. Siku tatu baadaye kikaja kifurushi kwa posta, chenye maandishi ya Duane ya mviringo: kibanio cha kushikilia uzi kwenye kizingiti, alichokichora kwa ajili ya mlango huo huo, na kigurudumu chenye uzi wenyewe, na karatasi ya maelezo. Arlys alikibinya kifurushi kwa vidole, akahisi plastiki, akakitupa kwenye droo pamoja na ndugu zake bila kukifungua.

Wiki ikapita. Jioni moja Duane akapiga simu kuulizia vipimo. Arlys alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye zamu, buti zina maji, chakula kinapashwa. Akamwambia asubiri. Akatoka barazani na tepu ya baba, akapima mlangoni: inchi ishirini na nne, kwa haki kabisa. Kisha akautazama uwanja. Akafumba jicho moja. Uwanja ule ameukata nyasi miaka thelathini, na ulikuwa tambarare kama ulivyokuwa siku zote. Akarudi ndani kwenye joto.

Angeweza kusema ishirini na nne mara tatu, lakini hilo lingeonekana la uvivu, na Duane angeanza kuuliza maswali. Akamtajia ishirini na nne, halafu ishirini na nne na robo, halafu ishirini na nne na nusu. Robo hapa, nusu pale, ili ionekane mtu ametoka nje akapiga magoti.

Duane akaziandika, kisha akasema kwa furaha ambayo ilimkera, "Hiyo robo ndiyo nilikuwa naitafuta, dada. Mtu mwingine angeniambia ni tambarare."

Arlys alibetua midomo, akamuaga, akala. Usiku huo alilala vizuri, na siku zilizofuata pia.

Alhamisi saa sita mchana Duane akaingia na tela nyuma ya gari. Kila ubao ulikuwa na kibandiko chenye herufi na namba. Skrubu zilikuwa kwenye visanduku vya plastiki, vyenye vifuniko, na vifuniko, hebu ona maajabu, vilifunga. Arlys aliomba ruhusa ya nusu siku ili asaidie, au tuseme ukweli, ili aone. Alikuwa ameuandaa uso wake kwa ajili ya kucheka.

Kilichomuudhi ni kwamba hakukuwa na cha kuchekwa. Vipande viliingiana. Tundu lilikutana na tundu. Duane, asiyeweza kupigilia msumari, hakuwa na msumari hata mmoja. Alikuwa na drili na orodha, akasoma, akaweka, akakaza. Kipande cha kwanza kikakaa mlangoni kimya, hakitikisiki. Arlys akaupiga teke mguu wa kipande hicho kuujaribu, akaumia kidole.

Jozi ya pili ya miguu ilikanyaga ardhi kwa shida kidogo. Jozi ya tatu haikukanyaga. Palikuwa na mwanya chini yake wa kupitisha ngumi. Duane akapiga goti akautazama, akasema huenda ni shimo la panya, waendelee. Arlys ndiye aliyeelewa pale pale. Akachukua kipande cha ubao, akakisukuma chini ya mguu, akasema itakaa tu.

Haikukaa. Kipande cha mwisho kilipofungwa, rampu ilishuka kwa uzuri kutoka mlangoni, futi ishirini na nne na nusu, ikaishia hewani. Ncha yake ilikuwa juu ya ardhi kwa inchi sita na nusu. Hakuna kiti cha magurudumu kinachopanda hapo, labda kwa kurushwa.

Toivo Hietala, jirani, mzee wa mgodini ambaye goti lilimzuia kwenda msituni, alikuwa amekuja na kikombe chake cha kahawa kuangalia wenzake wanavyofanya kazi. Aliizunguka ile ncha mara mbili.

"Duane, mwanangu," akasema, "hii ni rampu au ni ubao wa kurukia bwawani?"

Arlys akacheka. Alijua anachokijua, na akacheka, tena kuliko Toivo.

"Nilimwambia," akasema. "Kompyuta haina jicho."

Duane alirudi garini kuchukua kompyuta. Alikaa kwenye ukingo wa tela na kompyuta mapajani, vidole vyekundu kwa baridi, akaipitia michoro yake kipande kwa kipande. Mistari yote ilikuwa myeusi. Hapakuwa na hata mmoja wa buluu. Safari hii alikuwa amehakikisha. Kompyuta ile haijui kweli wala uongo, inajua umejaza au hujajaza, na yeye alikuwa amejaza. Akarudia tangu mwanzo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe na kuamini kwamba lazima lipo.

"Dada," akasema, "ule uzi ulikuwa umekaza?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa wa kusema kweli. Arlys aliuona, akapita pembeni.

"Ulikaza. Labda ulilegea kidogo katikati."

"Uzi ukilegea, kipimo kinapungua," Duane alikubali, akilifikiria jambo lenyewe kwa uaminifu wake wote. "Lakini si inchi sita. Hapana, ni mimi. Kuna mahali nimechanganya na sipaoni." Akafunga kompyuta. "Nitampigia yule mtaalamu wa kituo nimwambie tumeshindwa. Afadhali wajue leo, wasimpakie Mama kwenye gari bure."

Akaingia ndani kutafuta namba ya simu. Arlys alibaki ameshika drili. Alimwona Mama kwenye chumba chenye harufu ya dawa, katika mji ambao hamjui mtu, akitazama uwanja wa watu wengine. Aliona pia kwamba hakuna atakayejua. Wote wangesema Duane na kompyuta yake, na hadithi hiyo ingesimuliwa kila Krismasi, na yeye ndiye angeisimulia.

Duane alikawia. Alipotoka hakuwa na simu. Alikuwa ametafuta kalamu, akavuta droo isiyo yake, au tuseme iliyo yake hasa, na mkononi alikuwa na kifurushi. Gundi ya posta ilikuwa bado imebana pande zote.

"Ulipima kwa uzi upi?" akauliza.

Toivo akakumbuka ana jambo nyumbani, akaondoka na kikombe chake.

"Ile ya mlangoni nilipima," Arlys alisema.

"Na robo?"

"Niliitunga."

"Na nusu?"

"Nayo."

Duane alikigeuza kifurushi mkononi. Hakupandisha sauti, na Arlys angeshukuru kama angepandisha, angepata pa kumjibia.

"Ile robo nimeifurahia wiki tatu," akasema. "Nilimwambia hadi bosi wangu. Dada yangu ana jicho, nilimwambia, ameona robo inchi kwenye nyasi. Ungesema tu hupimi, dada. Ningekuja mwenyewe Jumapili."

"Nilidhani ni upuuzi."

"Najua ulidhani. Unadhani hivyo tangu nina miaka sita."

Arlys alitaka kusema samahani, lakini neno hilo hakuwa na mazoezi nalo. Badala yake akatazama saa yake. Ilikuwa saa tisa na nusu. Duka la mbao lingefungwa saa kumi na moja siku hiyo, maana mwenye duka naye alikuwa na kibanda msituni.

"Nipe hicho," akasema.

Duane alikifungua yeye mwenyewe, kwa meno. Kibanio kilikuwa cha rangi ya chungwa, na kilipogusa kizingiti cha Eino kiliingia, kikabana, kama kilizaliwa hapo. Arlys aliutembeza uzi mpaka kwenye saruji, Duane akauweka sawa kwa pima maji, na dada akapiga magoti kwenye theluji, magoti ambayo wiki tatu zilizopita hakutaka kuyapiga. Mlangoni, ishirini na nne. Katikati, ishirini na saba na nusu. Mwisho, thelathini na moja. Alipima kila sehemu mara mbili na namba zikarudi zile zile. Akasimama akautazama tena uwanja, akafumba jicho moja, na uwanja ulikuwa bado tambarare kabisa. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Lile jicho halikuwa hata na aibu.

Duane akaandika namba mbili juu ya zile za uongo. Arlys alikuwa amesimama nyuma yake, kwa hiyo aliona mchoro ukibadilika. Miguu ya katikati ikarefuka, kila mmoja kwa kadiri yake. Mwishoni kikachomoza kipande kipya cha futi sita na nusu kikalala juu ya saruji. Hakuna kilichojikunja. Kando ya mchoro likatoka jedwali: miguu sita, mbao za kukanyagia kadhaa, urefu wa kila moja mpaka sehemu ya inchi. Kwenye jedwali la vipimo, mbele ya kila namba, palikuwa na nafasi ya jina la aliyepima, na jina lilikuwa Arlys, Arlys, Arlys, tangu siku ile ya simu.

"Futa hayo," akasema.

"Safari hii umepima kweli," Duane alijibu, akamkabidhi orodha.

Arlys alifika dukani saa kumi na dakika arobaini na alikatiwa mbao na mtu aliyekwisha vaa jaketi la rangi ya chungwa la kuwindia. Kesho yake asubuhi walikuwa nje tangu mwanga wa kwanza. Duane alisoma herufi na namba, Arlys akashika drili, na saa nne na robo ncha ya rampu ikagusa saruji, pande zote mbili, bila ubao wa kusukumwa chini yake. Mtaalamu wa viungo alikuja saa tano kasoro dakika chache, mwanamke mwembamba mwenye haraka, akaweka kifaa chake sehemu tano, akaruka juu ya rampu kwa miguu yote miwili, akatia sahihi. Alisema anakagua nyingi na hii amekuta haina cha kusahihisha. Kisha akapiga simu, na mahali fulani mbali sana kitanda kikapewa mtu mwingine.

Mama aliletwa saa saba na nusu, amefungwa blanketi, amekonda, macho yale yale. Arlys alishika kiti akaanza kumsukuma. Duane alikuwa ameinama pembeni, akibandua vibandiko kwenye mbao kimoja kimoja. Magurudumu yalipita juu ya maungio bila kushtuka. Mama alipapasa reli, akatazama chini kushoto, akatazama kulia.

"Imetoka vizuri," akasema. "Naona hukumwachia Duane apime. Hili ni jicho la baba yako."

Duane hakuinua kichwa. Angeweza kusema neno moja tu, na alikuwa na haki nalo, akaendelea na vibandiko vyake. Arlys alisubiri aseme, na alipoona hasemi akasimamisha kiti katikati ya mteremko.

"Jicho langu ndilo lililotaka kukupeleka kwa wazee, Mama," akasema. "Sikupima. Nilitunga namba, nikamwacha Duane achekwe nazo, na nilicheka na mimi. Aliyeirekebisha ni yeye."

Mama aligeuza shingo akamtazama. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka juu ya blanketi.

"Unajua kwa nini mlango wa sauna haufungi?" Mama akauliza.

"Mbao zinakunywa mvuke."

"Mvuke gani? Eino alikosea inchi nzima. Nilimwambia siku ile ile apime, akafumba jicho lake. Nilipomwonyesha hakunisemesha siku tatu, halafu akaja na hadithi ya mvuke, na nyinyi mkaimeza. Miaka arobaini na sita napiga teke mlango kwa ajili ya jicho la mtu. Haya, sukuma, baridi inaniingia nyongani."

Arlys akasukuma.

Walikunywa kahawa jikoni. Duane alikuwa ameweka kompyuta mezani, na bila kuombwa na mtu alikuwa amekwisha kuchora umbo la pembe nne, refu, lenye mistari minne ya buluu. Hakusema ni nini. Arlys aliutazama mchoro, akatazama mlango wa kushukia kwenye sauna, akashusha kikombe. Alivuta droo ya Duane, akarudishia kibanio cha chungwa, akafikiri, akakitoa tena akakitia kwenye droo ya vijiko. Kisha akachukua tepu ya baba yake.

"Nipime wapi?" akauliza.

"Juu, katikati na chini."

"Mara tatu, kwa mlango mmoja."

"Mara tatu, dada."

"Usinizoee," akasema, akashuka ngazi.

Akakaa huko muda mrefu. Walimsikia akiufungua mlango kwa teke, kisha kimya, kisha sauti ya chuma cha tepu kikirudi mahali pake, tena na tena. Mwishowe akapaza sauti kutoka chini, akataja namba tatu, polepole, na hakuna hata moja iliyolingana na nyingine.